Utafiti wenye kibali ukija kijijini kwako Kanda ya Ziwa: majibu yake mnayadai?

Mdodosaji

Mwangaluka wakuu.

Kazi yangu ni udodosaji. Nimezunguka na miradi ya utafiti Magu, Misungwi, Sengerema hadi Ukerewe, napiga hodi kaya kwa kaya, na swali ninaloulizwa kuliko yote si "mnatafuta nini?" Kutafutiwa watu wameshazoea. Wanauliza, "Wale waliokuja kabla yenu, majibu yao yako wapi?" Nimeshalipeleka swali hilo kwa wakubwa wa miradi zaidi ya mmoja na sijapata jibu la kumrudishia mtu, ndiyo maana naleta uzi huu.

Kwanza tujue tunachozungumzia. Mkoa wetu wa Mwanza umeifanyia dunia kazi kubwa, na wengi waliotoa damu na muda wao hawana habari. Kati ya 1991 na 1994, jamii 12 za vijijini Mwanza ziliingia kwenye utafiti wa magonjwa ya zinaa. Katika nusu yake, watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa hazikatiki, na wananchi wakahamasishwa kuja kutibiwa mapema. Nusu ya pili ikasubiri zamu yake. Matokeo yalichapishwa 1995: pale huduma ilipoboreshwa, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Nchi nyingi zilibadili mipango yake kwa kuangalia kilichotokea kwenye zahanati zetu.

Ng'ambo ya ziwa, Rakai nchini Uganda, wenzetu walijaribu njia nyingine: watu wote wapewe dawa kwa mkupuo, mwenye dalili na asiye nazo. Majibu yao yalitoka 1999, na VVU havikupungua. Wataalamu walibishana miaka mingi kuhusu tofauti hiyo. Wapo waliosema ugonjwa ulikuwa umekaa Rakai muda mrefu zaidi, wapo waliosema zahanati yenye dawa kila siku si sawa na mkupuo unaopita na kuondoka. Mimi naona huo ni mjadala ambao mama wa Magu aliyeshiriki alistahili kuusikia, kwa sababu unahusu zahanati yake.

Mfano wa karibu zaidi ni Misungwi. Vyandarua vyetu vya miaka yote vilikuwa na dawa ya kundi la pairethroidi peke yake, na mbu wameshaizoea. Kuanzia 2018 wilaya ikagawanywa maeneo 84 na kaya zikapewa aina 4 tofauti za vyandarua. Baada ya miaka 2 watoto wakapimwa. Kwenye chandarua cha kawaida, asilimia 45.8 walikutwa na vimelea vya malaria. Kwenye chandarua kilichoongezwa dawa nyingine, klorofenapiri, asilimia 25.6. Matokeo yalichapishwa 2022, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chandarua hicho kitumike mahali penye mbu sugu. Aliyesikia ni dunia nzima. Ukiwa Misungwi leo, uliza kwenye kilinge cha kahawa ni wangapi wanajua kwamba watoto wao ndio waliotoa jibu hilo.

Sasa kibali. Utafiti wa afya hauanzi kwa mtu kuwa na pesa na gari. Andiko linapita kwanza kwenye kamati ya maadili. NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1979, ndiyo yenye kamati ya taifa, na kituo chake cha hapa kipo Isamilo. Kanda ya Ziwa tuna kamati yetu, na Hospitali ya Bugando na chuo chake wana ya kwao. Mtafiti anayetoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kinachojaribiwa kikiwa dawa au chanjo, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao lazima waidhinishe. Baada ya hapo barua inashuka: mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kwa ambaye hajawahi kushika cheti cha NIMR: ni karatasi yenye kumbukumbu namba juu inayoanza na NIMR/HQ/R.8a, jina la utafiti, jina la mtafiti mkuu, halafu masharti. Watu huishia kwenye muhuri. Mimi nawaomba msome masharti. Kwenye vyeti nilivyovishika yanasema mtafiti atapeleka ripoti ya maendeleo kila baada ya miezi 6 Wizara ya Afya, NIMR, na kwa Waganga Wakuu wa Mkoa na Wilaya. Hatachapisha matokeo bila ruhusa ya NIMR. Atakayekiuka ametenda kosa kisheria na atatozwa faini. Na kibali ni cha mwaka 1, kikiisha kinahuishwa.

Uangalieni huo mnyororo. Wizara, NIMR, mkoa, wilaya. Umeishia wilayani. Kijiji hakimo, zahanati haimo, na aliyechomwa sindano hayumo.

Kuna kijiji kimoja cha pwani ya ziwa ambako mradi mmoja, sitautaja, ulipima watu ukafunga kazi na kuondoka. Nilipopita na mradi mwingine, mzee mmoja alinitolea bahasha aliyokuwa akihifadhia kadi za kliniki za wajukuu. Ndani yake alikuwa na kile kikadi cha namba ya ushiriki, kimekunjwa mara mbili, maandishi yameanza kufutika. Alikitunza kwa sababu aliambiwa, "Tutarudi na majibu." Akaniuliza kama mimi ndiye niliyetumwa.

Ninachopendekeza ni hiki. Mradi ukitambulishwa kwenye mkutano wa kijiji, kabla ya watu kunyoosha mikono, aulizwe mtafiti: mrejesho utakuja lini, atauleta nani, na bajeti yake ipo kwenye andiko? Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Mtafiti anamhitaji mwenyekiti wa kijiji kama anavyohitaji muhuri wa Dar es Salaam, kwa sababu kijiji kikikataa hakuna kazi. Nguvu hiyo tunayo ila hatuitumii.

Karibuni tujadili.

---

Mwalo wa Magu

Dada, hongera kwa uzi. Mimi ni mvuvi wa dagaa.

Nizungumzie kichocho. Wanakuja na vikopo, tunapeleka choo, tunapimwa. Tunasimamishwa kwenye ule mti wa kupimia urefu ili wajue ni vidonge vingapi, tunameza vile vikubwa vichungu, na ukimeza tumbo likiwa tupu utalala chini na kichefuchefu. Kesho yake usiku tunaingia majini kama kawaida. Baada ya muda wanakuja wengine, vikopo vilevile.

Majibu sisi tunayajua. Tuna kichocho. Swali langu ni kwa nini watu wapimwe miaka yote na mwaloni kwetu hakuna choo cha maana. Mtu akishikwa akiwa kambini anakwenda wapi? Anajisaidia palepale kwenye matete.

---

Mdodosaji

Kaka, umegusa penyewe. Niongeze kidogo kwa faida ya wengine. Huku pwani ya ziwa kichocho kikubwa ni cha tumbo, ndiyo maana wanataka choo. Ukiingia ndani kwenye malambo na majaruba ya mpunga, kinachosumbua ni kile cha kibofu, damu kwenye mkojo. Vidonge vinaua minyoo mikubwa iliyomo mwilini siku hiyo, havikukingi na maambukizi ya kesho. Konokono wapo, kinyesi kinafika majini, mzunguko unaendelea. Kumeza dawa ni lazima, maana ini linaharibika kweli na watu wanatapika damu. Lakini uko sahihi kwamba dawa peke yake haifungi mzunguko.

Ndiyo maana nasema kijiji kiulizwe kabla andiko halijaandikwa. Mvuvi angesema, "Njooni mpime nini kinatokea mwalo ukiwa na vyoo na maji safi." Hilo ni swali la kisayansi kabisa, na limetoka kwa mtu anayelala kwenye mtumbwi.

---

Kisiwani Kwetu

Mimi nipo Ukerewe. Nina mambo mawili.

La kwanza ni damu. Wazee wetu walikuwa na hadithi za mumiani, wale wanaodaiwa kunyonya damu za watu, na mpaka leo gari geni likilala kijijini watoto wanafungiwa ndani. Mnapochukua damu mnaipeleka wapi? Tumesikia inasafirishwa nje. Msituambie ni ushamba, tujibuni.

La pili ni teknolojia. Mwaka 2018 ilijaribiwa ndege isiyo na rubani kuleta dawa huku kisiwani. Kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, wakati kwa barabara na kivuko ni safari ya saa 6. Majaribio yalikuwa ya miezi 6. Watoto waliishangilia, hata mimi nilifurahi. Ila mama mjamzito anayetokwa damu usiku huku visiwani bado anasubiri boti. Kwa hiyo swali lako la majibu liguse na teknolojia, lisiishie kwenye sindano.

---

Mdodosaji

Ndugu yangu, anayeuliza damu yake inakwenda wapi si mshamba. Ndivyo inavyotakiwa.

Nieleze ninavyoifanya mwenyewe. Nachoma ncha ya kidole, tone la kwanza nalifuta kwa pamba. Yanayofuata nayadondosha kwenye karatasi nene ya chujio yenye viduara vilivyochapwa, kila kiduara kijae mpaka pembeni bila kupishana na mwenzake. Karatasi inaachwa ikauke, jua lisiipige na nzi wasiitue, damu inageuka rangi ya kutu. Halafu inaingia kwenye kimfuko chenye vipakiti vya kunyonya unyevu. Juu inaandikwa namba, hakuna jina.

Vipimo vingi vinafanyika hapahapa Mwanza. Sampuli ikitakiwa kwenda nje ya nchi, lazima yawepo makubaliano ya kuihamisha yaliyoidhinishwa na NIMR, na fomu yako ya ridhaa iwe imesema hivyo. Kwenye fomu nyingi kipengele cha kuhifadhi au kusafirisha sampuli kina ndiyo na hapana yake. Una haki ya kukubali utafiti ukakataa hicho. Mdodosaji akikisoma mbiombio, msimamishe arudie. Asiyejua kusoma anatakiwa awe na shahidi anayemwamini yeye, ndipo aweke dole gumba. Hata ukishaweka dole, unaweza kujitoa siku yoyote na huduma ya zahanati hunyimwi.

Kwenye ndege uko sahihi. Majaribio yalithibitisha kwamba inaruka na inafika. Bado kuna mambo ambayo dakika 40 hazijibu: nani atalipia kila siku, nani ataitunza, zahanati itaiagizaje dawa saa 8 usiku. Wakunga wa Nansio, huko kwenu Ukerewe, waulizwe hayo kwa uzito uleule anaoulizwa fundi wa ndege.

Siku hizi tumeongezewa jambo jingine. Tunadodosa kwa vishikwambi, na majibu yako yanakwenda kwenye seva kabla sijaondoka uani kwako. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Muulizeni mtafiti taarifa zenu zinakaa wapi na nani anazifungua, kwa ukali uleule wa kuulizia damu.

---

Mama wa Nyakato

Shikamooni mliotutangulia. Naomba kuuliza bila kumkwaza mtu. Binti yangu alichanjwa shuleni chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Majirani wakasema itamfunga uzazi, tena wakasema zamani zilikuwa sindano mbili, sasa wamepunguza kwa sababu wafadhili wamechoka. Ukweli ni upi?

---

Mdodosaji

Marahaba mama, na asante kwa kuuliza waziwazi, maana hili linatembea sana mitaani.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania. Chanjo inakinga dhidi ya virusi vinavyoileta, na haifungi uzazi.

Kuhusu kupungua kwa sindano, jibu limetoka kwenye mji wako. Mwaka 2017 ulianza utafiti hapa Mwanza wa mabinti 930 wa miaka 9 hadi 14. Waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine dozi 1, wengine 2, wengine 3, wakafuatiliwa kwa vipimo vya damu. Baada ya miaka 2 karibu wote waliopata dozi 1 walikuwa bado na kinga dhidi ya aina za virusi zinazosababisha saratani hiyo kwa wingi. Nchi nyingine nazo zilileta ushahidi wao, na 2022 wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani wakasema dozi 1 inatosha kwa mabinti. Tanzania ilianza chanjo hii nchi nzima 2018 kwa dozi 2, ikahamia dozi 1 mwaka 2024.

Kwa hiyo binti yako hakupunjwa. Aliyemwondolea sindano ya pili ni mwenzake wa Mwanza aliyekubali kupimwa damu miaka ile. Mama, hili lingesemwa kwenye vikao vya wazazi shuleni, majirani wasingepata nafasi ya kubuni.

---

Mwanafunzi wa Utafiti

Wakuu, nisikike na mimi niliye upande wa pili. Nasoma, na andiko langu limekaa kwenye kamati muda mrefu. Watafiti si watu wabaya. Mfadhili anataka makala kwenye jarida, na jarida ni la Kiingereza. Mkutano wa mrejesho unahitaji mafuta ya gari, posho na vipaza sauti, na mara nyingi fedha inakuwa imekwisha.

Pia kuna majibu magumu kuyarudisha. Mradi wa MEMA kwa Vijana uliingia shule za msingi za mkoa huu, ukafundisha afya ya uzazi darasa la 5 hadi la 7 na kuboresha huduma za vijana kwenye zahanati. Jamii 20, nusu zikipata mafunzo. Vijana waliongeza uelewa kweli, lakini VVU havikupungua. Unarudije kwa mwalimu aliyejitoa miaka kumwambia hivyo?

Ila mazuri yapo. Kuna utafiti uliochapishwa 2017, vijiji 16 vya kaskazini magharibi mwa Tanzania. Kampeni ya tohara ilikuwa inafanyika vijiji vyote, lakini kwenye nusu yake viongozi wa makanisa walipewa semina: tohara inasemwaje kitabibu, inasemwaje kwenye Maandiko, na mchungaji aizungumzieje. Walikotayarishwa viongozi, asilimia 52.8 ya wanaume walijitokeza kutahiriwa. Kwingine asilimia 29.5. Mtu wa Kanda ya Ziwa angeweza kuwaambia mapema kwamba bila mchungaji hufiki mbali, lakini sasa imepimwa.

---

Mdodosaji

Mdogo wangu, nakuelewa, na nakuombea kamati ikujibu mapema. Lakini kwenye majibu magumu sikubaliani nawe.

Chukua jaribio la jeli ya kuwakinga wanawake na VVU. Lilifanyika nchi 4, Tanzania ikiwemo, na kituo cha Tanzania kilikuwa hapa Mwanza. Wanawake zaidi ya 9,000 kwa jumla. Waliojitokeza hapa wengi wao ni wahudumu wa baa na nyumba za wageni, mama lishe, wauza pombe za kienyeji, watu ambao mji unawadharau. Desemba 2009 jibu likatoka: jeli haikingi. Ni jibu chungu. Lakini mwanamke aliyeshiriki akiachwa bila kuambiwa, ataendelea kuamini kuna jeli inamlinda. Jibu la "hapana" lina haraka kuliko la "ndiyo".

Na katika maandalizi ya kazi hiyohiyo kuna jambo tunalopaswa kuliiga. Wanawake wale walichagua wawakilishi wao wenyewe, wakawa na kamati iliyokaa na watafiti mara kwa mara. Waliuliza kuhusu damu, kuhusu vipimo vya kliniki, kuhusu nauli. Walikuwa na watu wao wa kuwabana watafiti tangu mwanzo. Usiniambie haiwezekani vijijini.

Kuhusu fedha: iandike kwenye bajeti kabla hujapeleka andiko. Mafuta ya gari ya kwenda kuchukua damu huwa hayakosekani.

---

Zahanati ya Kando

Nafanya kazi zahanati, nimesoma yote. Kweli tupu. Sisi ndio tunaoachiwa maswali mradi ukifunga. Mama anakuja, "Nesi, walinipima, walisemaje?" Mimi sina hata karatasi. Ripoti inakuwa wilayani.

Niwaongezee njia. Kama mradi umeshapita, andikeni barua kupitia kwa mtendaji kwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, mtaje jina la utafiti na namba ya kibali. Ripoti za miezi 6 zinatakiwa ziwe zimefika kwake. Jina na namba vipo kwenye ile nakala ya maelezo mliyoachiwa mkisaini. Msiifungie maandazi nakala hiyo, itunzeni.

---

Mwalo wa Magu

Dada, nimeongea na mwenyekiti wetu. Kuna mradi unakuja kutambulishwa, na mkutano umeshatangazwa. Amesema yuko tayari, ila anataka maneno ya kuandika kwenye muhtasari, asije akaonekana anapinga maendeleo. Tusaidie.

---

Mdodosaji

Kaka, mwambie aandike hivi, mtendaji agonge muhuri, na nakala moja ibaki zahanati:

"Mkutano umepokea mradi na kuona cheti cha kibali namba …, kinachoisha tarehe … Mkutano umekubali kazi ianze kwa masharti yafuatayo. Mtafiti ataleta mrejesho kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji kabla ya tarehe …, majibu yawe mazuri au mabaya. Nakala ya ripoti itaachwa ofisi ya kijiji na zahanati. Kijiji kimewachagua wananchi wafuatao, wakiwemo wanawake na wavuvi, kufuatilia mradi kwa niaba yake: …"

Sehemu ya tarehe ya mrejesho isiachwe wazi. Mtafiti aijaze mwenyewe palepale, mbele ya mkutano. Na swali lako la vyoo vya mwaloni liulize siku hiyohiyo, liingie kwenye muhtasari huo.